UZI: Ahadi ni ya leo, pesa ni ya awamu

1/
Kila mara suala la mishahara ya walimu likizuka humu, tunagawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza: "Walimu hawatosheki, si juzi tu waliongezwa?" Kambi ya pili: "Ni uongo mtupu, hawajawahi kupewa kitu." Zote mbili zimeshika nusu ya ukweli. Walimu wameongezwa, tena mara kadhaa. Na karibu kila nyongeza imecheleweshwa, imekatwakatwa ama imepitia kortini kabla ifike kwa akaunti ya mwalimu.

2/
Sheria za uzi huu mnazijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Si uoga. Serikali zimebadilika, mawaziri wamebadilika, na mtindo umebaki ule ule, kwa hivyo majina hayatatusaidia kuelewa. Leo tunafuata neno moja tu kwenye historia ya elimu yetu. Neno lenyewe ni AWAMU.

3/
Hoja yangu naiweka mezani mapema. Hapa Kenya mageuzi ya elimu hutangazwa kwanza, hesabu hupigwa baadaye. Ile tofauti kati ya tangazo na pesa haipotei hewani. Kuna mtu huilipa. Kwa miaka 50 sasa imelipwa na watu wale wale wawili: mzazi, na mwalimu ambaye hana ajira ya kudumu. Twende mwaka kwa mwaka.

4/
Tuanze na mwajiri. Wakati wa uhuru, mwalimu angeweza kuajiriwa na misheni, na baraza la wilaya, ama na manispaa. Kazi moja, waajiri tofauti, malipo tofauti. KNUT iliundwa Desemba 1957, na moja ya vita vyake vya kwanza ilikuwa kutaka walimu wote wawe na mwajiri mmoja. Baada ya migomo na vuta nikuvute ya miaka ya 60, TSC ikaundwa kwa sheria mwaka wa 1967. Kwa hivyo hata TSC yenyewe, ambayo leo walimu huilalamikia, ni tunda la kudai kwa walimu.

5/
Sasa 1974. Siku ya Jamhuri, Desemba 1973, likatoka tangazo: karo imeondolewa darasa la kwanza hadi la nne, kuanzia Januari. Angalia kalenda. Kutoka tarehe 12 Desemba hadi shule kufunguliwa ni wiki chache tu. Wanafunzi wa msingi wakapanda kutoka takriban milioni 1.8 mwaka 1973 hadi takriban milioni 2.7 mwaka 1974. Yaani karibu watoto laki tisa zaidi, kwa mwaka mmoja.

6/
Hiyo ilikuwa jambo kubwa na zuri, tusilidharau. Kuna wazee wetu humu walioona darasa kwa sababu ya tangazo hilo. Lakini watoto laki tisa wanahitaji madarasa na wanahitaji walimu, na vyote viwili havikuwa kwenye tangazo.

Madarasa yalijengwa na nani? Na mzazi. Karo ilipoondoka, "pesa za ujenzi" zikaingia, na sehemu nyingi mchango huo ulizidi karo iliyofutwa.

Walimu walitoka wapi? Waliletwa vijana ambao hawakuwa wamepitia chuo cha ualimu. Waliokuwa shuleni wakati huo wanakumbuka lile jina: UT.

7/
Weka hao wawili akilini. Mzazi na pesa za ujenzi. UT na malipo ya chini. Watarudi mara nyingi kwenye uzi huu, wakiwa wamebadilishwa majina.

8/
1985. Mfumo wa 8-4-4 unaanza, kufuatia ripoti ya Mackay ya 1981. Wazo lilikuwa mtoto atoke shuleni na ujuzi wa mikono: useremala, upishi, ushonaji, kilimo, sanaa. Ukisoma malengo hayo leo utadhani ni CBC. Lakini useremala unataka karakana na upishi unataka jiko. Zilijengwa na nani? Wazazi, kwa harambee. Shule ambayo jamii yake ilikuwa na uwezo ilipata karakana. Shule ambayo jamii yake haikuwa nao, watoto walisoma useremala ubaoni. Baadaye masomo mengi ya aina hiyo yakapunguzwa kwa sababu mzigo ulikuwa umezidi.

9/
1988. Ripoti ya Kamunge inakuja na ule mtindo wa kugawana gharama, wakati ambapo nchi ilikuwa inasukumwa na wakopeshaji ipunguze matumizi. Kwa lugha ya nyumbani: serikali italipa mwalimu, mengine mzazi ajipange. Vitabu, sare, madawati, ujenzi. Miaka ya 90 watoto wengi wakaachia masomo njiani. Angalau hapo serikali ilisema waziwazi kwamba mzazi analipa. Miaka mingine mzazi amelipa huku akiambiwa ni bure.

10/
Sasa tufike 1997, mwaka ambao kila mwalimu wa rika fulani anaujua kwa nambari: 534.

Oktoba 1997 walimu waligoma nchi nzima. Uchaguzi Mkuu ulikuwa Desemba mwaka huo huo. Serikali ikakubali nyongeza ya asilimia 150 hadi 200 pamoja na marupurupu, na makubaliano yakachapishwa kama Notisi ya Kisheria Nambari 534 ya 1997. Hayakuwa maneno ya jukwaani. Yalikuwa sheria iliyoandikwa. Malipo yangefanywa kwa awamu tano, miaka mitano.

11/
Awamu ya kwanza ililipwa. Uchaguzi ukapita. Ya pili ikakwama. Oktoba 1998 walimu wakagoma tena, safari hii hawakupata kitu. Sababu iliyotolewa: pesa hakuna.

Na mwaka huo huo wa 1998 likaja jambo ambalo watu hulisahau. Serikali ikasimamisha kuajiri walimu wapya. Baadaye wakawa wanaajiri tu kuziba pengo la waliostaafu, waliokufa au walioacha kazi. Kumbuka tarehe hiyo, 1998, tutaihitaji.

12/
2002, mwaka mwingine wa uchaguzi, mgomo mwingine, madai yale yale. 2003 ikatoka notisi mpya ya kisheria iliyopanga upya ratiba, na awamu zilizobaki zikasukumwa miaka mbele zaidi. Nyongeza ikaja polepole. Upande wa marupurupu ukabaki na mvutano.

Ukitaka kujua mvutano huo ulidumu kiasi gani: walimu walipogoma kwa wiki tatu hivi mwaka 2013, walikuwa wanadai marupurupu ya notisi ya 1997. Mtoto aliyezaliwa wakati wa mgomo wa kwanza alikuwa sasa yuko sekondari, na amefungiwa masomo kwa sababu ya deni hilo hilo.

13/
Hapa wengi huuliza: kwa nini awamu zinapendwa hivi? Hebu tupige hesabu ya mfano.

Mwalimu ameahidiwa nyongeza ya shilingi 3,000 kwa mwezi. Akipewa nusu mwaka huu na nusu mwaka ujao, amekosa 1,500 kwa miezi 12. Hizo ni shilingi 18,000 ambazo hazirudi. Sasa walimu wa TSC ni zaidi ya laki tatu. Zidisha 18,000 kwa laki tatu tu. Unapata shilingi bilioni 5.4 zilizobaki Hazina Kuu bila mtu kukataa kulipa.

Huyo mwalimu ataonekana kwenye habari kama "aliyeongezwa 3,000".

14/
Na tuwe wa haki kwa upande wa Hazina Kuu pia. Walimu ndio kundi kubwa zaidi la wafanyakazi wa umma. Ukiwagusa kidogo tu, ni mabilioni. Ukiwaongeza leo, polisi, wauguzi na madaktari watakuja kesho kuuliza zao ziko wapi. Afisa anayesema "pesa hazitoshi" mara nyingi hasemi uongo. Swali ni kwa nini hesabu hiyo haisemwi siku ya kutia sahihi. Inasemwa siku ya awamu ya pili.

15/
Turudi Januari 2003. Uchaguzi ulikuwa umefanyika Desemba 27, na siku chache baadaye elimu ya msingi ikawa bure. Wanafunzi wakapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mgao ulikuwa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka: 650 za vitabu na vifaa, 370 za kuendesha shule.

Sasa chukua ile tarehe niliyowaambia mtunze. Watoto milioni 1.3 zaidi waliingia madarasani miaka mitano baada ya kusimamishwa kwa ajira ya walimu. Mlango ulifunguliwa kwa wanafunzi ukiwa umefungwa kwa walimu. Ndiyo maana kuna watu humu walisoma wakiwa 80, hata 100, darasa moja.

16/
Halafu ikaanza ile hama hama. Mzazi mwenye uwezo kidogo alimtoa mtoto akampeleka shule ya kibinafsi. Aliyebaki akaanza kuchangishwa polepole: pesa za mtihani, pesa za masomo ya ziada, pesa za motisha, pesa za mwalimu wa ziada. Zile pesa za ujenzi za 1974 zimerudi, zimevaa nguo mpya.

17/
Leo mgao wa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Kutoka 1,020 mwaka 2003. Zaidi ya miaka 20, nyongeza ni shilingi 400. Gawanya 1,420 kwa siku 365: haifiki shilingi 4 kwa siku. Mwulize mama mboga yeyote bei ya nyanya mwaka 2003 na bei ya leo, halafu uniambie kama mwalimu mkuu anayewaitisha wazazi pesa ni mwizi ama ni mtu ambaye hana namna. Kuna wezi, ndiyo. Lakini hesabu hii ingemshinda hata malaika.

18/
Januari 2008, sekondari za kutwa zikawa bila karo ya masomo, mgao ukiwa shilingi 10,265 kwa mwanafunzi. Kufikia 2018 mgao ukawa 22,244. Tangu hapo umebaki hapo hapo kwenye karatasi, na shule zimelalamika mara nyingi kwamba kinachofika ni pungufu na kinachelewa.

Julai 2025 kamati ya Bunge iliambiwa waziwazi kwamba pesa zilizopo haziwezi kugharamia kiwango hicho kwa kila mwanafunzi. Nchi ikachemka. Siku chache baadaye tukahakikishiwa kwamba elimu bado ni ya bure. Zote mbili zilisemwa wiki hizo hizo, na mwalimu mkuu aliyekuwa anadaiwa na muuza mahindi akabaki na deni lake.

19/
Tumwangalie sasa yule UT. Alienda wapi? Hajaenda popote. Alibadilishwa jina.

Mwaka 2010, kwa sababu walimu hawatoshi, serikali iliajiri takriban walimu 18,000 kwa mkataba wa muda. Wamesoma chuo, wamesajiliwa, lakini kwa malipo ya chini. Septemba 2011 walimu wakagoma. Makubaliano: wale wa mkataba waingizwe kwenye ajira ya kudumu.

Shuleni kwenyewe kukawa na mwalimu wa BOM, anayeajiriwa na bodi ya shule na kulipwa na mzazi moja kwa moja. Huyo hana TSC, hana chama, hana awamu. Ana kile ambacho wazazi wamefaulu kuchanga mwezi huo.

20/
Katiba ya 2010 ikasema, Kifungu cha 53, kwamba kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. TSC ikaingizwa kwenye Katiba. Na ikaundwa SRC, tume ya kutoa ushauri kuhusu mishahara ya umma.

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hivyo nifafanue njia ya shilingi moja ya nyongeza. Vyama vya walimu vinajadiliana na TSC. TSC inahitaji ushauri wa SRC. Hazina Kuu inatafuta pesa. Bunge linapitisha bajeti. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Sahihi ya TSC na chama ni hatua ya katikati. Picha ya watu wakishikana mikono si pesa.

21/
2015 ilionyesha hilo wazi. Mwezi Juni mahakama ya leba iliamua walimu waongezwe asilimia 50 hadi 60. Serikali ikasema haiwezi. Septemba shule zikafungwa kwa mgomo wa wiki tano. Novemba Mahakama ya Rufaa ikafutilia mbali uamuzi ule, mojawapo ya hoja ikiwa ni nafasi ya SRC. Mwalimu aliyeshinda Juni alikuwa ameshindwa kufikia Novemba, na mshahara wa Septemba ulikuwa umezuiliwa.

22/
Mwaka uliofuata, 2016, mkataba wa pamoja wa malipo, ile CBA, ukatiwa sahihi: shilingi bilioni 54, miaka minne kuanzia Julai 2017, kwa awamu. Uchaguzi ulikuwa Agosti 2017. Huu ulilipwa vizuri kuliko wa 1997, tuseme ukweli. Kulikuwa na jambo la kujifunza hapo: ulikuwa na tarehe na ulikuwa na pesa kwenye bajeti.

23/
CBA ya 2021 ikaja bila pesa kabisa. Sababu ilikuwa hali ya uchumi baada ya Korona. Agosti 2023 ikaongezewa kipengele cha asilimia 7 hadi 10, kwa awamu mbili. Ya kwanza ikalipwa. Ya pili ilikuwa ya Julai 2024.

Mnakumbuka Juni 2024. Mswada wa Fedha ukaondolewa baada ya maandamano, bajeti zikakatwa, na awamu ya pili ikaning'inia. Mwishoni mwa Agosti walimu wa sekondari wakagoma wiki moja. Pesa zikapatikana. Pesa ambazo hazikuwepo Julai zilikuwepo baada ya mgomo kutangazwa. Halafu tunawauliza walimu kwa nini wanapenda mgomo. Sisi ndio tumewafundisha somo hilo, tangu 1997.

24/
Sasa CBC. Ilianza kutekelezwa kitaifa Januari 2019 kwa madarasa ya chini. Swali la sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi 9, lilijulikana tangu siku ya kwanza: watoto hawa wataketi wapi na nani atawafundisha? Kundi la kwanza lilikuwa linapanda gredi kila mwaka, si siri. Lakini uamuzi kwamba JSS ikae kwenye shule za msingi ulitoka mwishoni mwa 2022, na watoto wakaingia Januari 2023. Desemba hadi Januari tena, kama 1974, kama 2003.

25/
Shule ya msingi haikuwa na maabara, kwa sababu haijawahi kuhitaji maabara. Na walimu? Wengi walioletwa walikuwa vibarua, ajira ya mwaka mmoja, wenye digrii na diploma, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mwalimu aliyesomea Kiswahili na dini alijikuta na Sayansi Jumuishi na Kilimo. Anapanga nyumba, ananunua chakula, anatuma kitu nyumbani kwa wazazi waliouza ng'ombe ili asome. Ndiye aliyebeba mageuzi makubwa zaidi ya elimu tangu 1985.

26/
Aprili 2024 mahakama ya leba ikasema si halali kumchukua mwalimu aliyehitimu na kusajiliwa ukamlipa kama mwanagenzi. Walimu wa JSS wakagoma. Januari 2025 takriban walimu 46,000 wakaingizwa kwenye ajira ya kudumu. Wakati ule ule, vibarua wapya 20,000 wakaajiriwa.

Soma tena posti ya 19 kuhusu 2010 na 2011. Ni hadithi ile ile, miaka 13 baadaye, watu zaidi ya mara mbili.

27/
Kwa hivyo tunafika kwa mkataba wa sasa. Julai 2025, CBA ya 2025 hadi 2029 ikatiwa sahihi, shilingi bilioni 33.8, wa vyeo vya chini wakipata asilimia kubwa zaidi, hadi 29.5. Kuwapa wa chini asilimia kubwa ni jambo jema, na walimu walilidai kwa muda mrefu. Awamu ya kwanza ilianza Julai hiyo hiyo.

Lakini angalia miaka yenyewe. Mkataba huu unavuka uchaguzi wa 2027. Karibu nusu ya muda wake iko kabla ya kura, nusu baada ya kura. Historia inatuambia tuchunge nusu ipi.

28/
Na mwisho wa 2025 zaidi ya watoto milioni 1.1 wa kundi la kwanza la CBC walifanya KJSEA, wakielekea Gredi ya 10 na njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, sanaa na michezo. Njia hizo ni nzuri kwenye karatasi. Lakini mtoto hawezi kuchagua sayansi kwenye shule ambayo haina maabara wala mwalimu wa fizikia. Hapo anachaguliwa na shule, si yeye anayechagua. Ni ile karakana ya 8-4-4 tena.

29/
Sasa mnaweza kuniuliza: kwa hivyo mageuzi yasifanywe? Hapana, sisemi hivyo. Bila 1974 na 2003, mamilioni hawangeshika kalamu. Hata mimi ninayeandika hapa si mtoto wa tajiri. Kufungua mlango ni haki. Shida ni kufungua mlango, kupigiwa makofi, halafu kumwachia mwingine bili ya viti.

30/
Ndiyo maana mjadala wa "walitoa" na "hawakutoa" hautupeleki popote. Wakati mwingine ukisikia ahadi ya elimu, kutoka upande wowote, uliza maswali matatu ya kawaida kabisa.

Moja: pesa hizo ziko kwenye bajeti ya mwaka gani?
Mbili: ni awamu ngapi, na ya mwisho inaangukia kabla ama baada ya uchaguzi?
Tatu: kabla pesa zifike, nani anaziba pengo, na analipwa ngapi?

Akikujibu la tatu kwa uaminifu, msikilize. Mimi kwa miaka yote niliyofuatilia mambo haya, sijasikia mtu akilijibu jukwaani.

31/
Na kwa wale wa "walimu hawatosheki": kesho asubuhi kuna mwalimu wa BOM atasimama mbele ya mtoto wako, na wewe ndiye mwajiri wake. Kama hujamaliza mchango wa muhula huu, unadaiwa awamu pia.

Uzi umeisha. Bajeti husomwa Juni. Tukutane hapo na hizi tarehe mkononi.